Aliyefyeka Dawa Yake

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, enzi za Mwingereza, wanaume wa kijiji chetu cha Izigo walipata fedha. Wengine walinunua baiskeli, wengine wakaezeka bati, na wale ambao mchungaji hakuwa akiwaangalia sana wakaongeza mke. Mume wangu Lameki alipata na akili mpya. Fedha ziliisha upesi, lakini akili zile zilikaa.

Akili yenyewe ilikuwa kwamba ndizi si chakula cha mtu mwenye kahawa. Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo. Lakini Mhaya unaweza kumpa sahani ya wali na paja la mbuzi, akamaliza, akafuta mdomo, na ukimuuliza kama amekula akakujibu bado. Ndizi hajaiona. Sasa mtu aliyeanza kulishwa ndizi kabla hajaota meno, akasimama mlangoni mwa jiko langu na kunitangazia kwamba kuanzia siku hiyo atakula kama watu walioendelea.

"Na hao walioendelea wanakula nini, Baba Kokwijuka?" nikamuuliza. Kokwijuka ni binti yetu, wakati huo ameshaolewa huko Karagwe, kwa bahati yake.

"Mkate," akasema. "Chai. Wali mweupe. Nyama ya kopo."

Vyote hivyo vilitoka Bukoba kwa Saburi, mwenye duka mtaani Hamugembe, mtu mwungwana ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye hakuwahi kumkatalia mteja kitu. Saburi alimfungia mkate, akamfungia mchele, na Lameki alipomuuliza wakubwa wa serikali hufanyaje hata wakawa wepesi vile, Saburi akamfungia na haluli. Haluli ni ile chumvi chungu ya kuharisha. Watu wenye busara huinywa mara moja moja, tumbo likigoma. Lameki aliikoroga kila asubuhi kabla ya chai, kwa imani ambayo sikuwahi kuiona kwake kanisani, kisha akakimbilia chooni. Akirudi hupangusa jasho na kuniambia kwamba anajisikia mpya.

Hayo ningeyavumilia. Mtu akinywa dawa ya kuharisha, anayeharisha ni yeye. Lakini alikwenda mpaka kwenye kibanja.

Kibanja chetu kilikuwa kama vibanja vyote: nyumba katikati, migomba kuizunguka, kahawa kivulini mwa migomba, na maharage chini ya kahawa. Lameki alikuwa ameona shamba la Mzungu mmoja lenye kahawa tupu, mistari imenyooka, akarudi amerogwa. Akaajiri vijana na mapanga. Nilimsihi, nikamtukana, nikarudi kumsihi. Migomba ile niliitandazia nyasi kwa mgongo wangu tangu nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi, na siku ilipoanguka nililia kwa sauti na sikuona haya.

Kwetu migomba ya mtu hukatwa na adui, au na mtawala aliyemfukuza mtu nchini. Hakuna mwenye akili anayekata ya kwake. Kwa hiyo majirani waliposikia mapanga walikuja na nyuso za msiba. Wanawake wakakaa chini wakaanza kulia pamoja nami, na wanaume wakauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutenda hivi, na kama bado yuko karibu. Lameki akatoka ndani na kikombe cha chai, akawaeleza kwamba ni yeye mwenyewe. Wakatazamana, kisha wakaendelea kulia.

Kaka yake, Mutalemwa, hakulia. Mutalemwa ndiye mkubwa wa nyumba yao na mrithi wa baba yao, mtu mnene, mpole wa mwendo, mgumu wa neno. Kibanja chake kinapakana na chetu, na katikati kuna mstari wa milamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka. Alisimama upande wake wa milamula, akaviangalia visiki.

"Lameki, mdogo wangu, utakula nini?"

"Nitakula vya watu," Lameki akamjibu. "Wewe endelea na hizo. Nyumba yako mtu akipita hata barabarani anasikia harufu ya maganda."

Alimwambia hivyo kaka yake, mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Vizuri," akasema Mutalemwa. "Siku utakayoitaka ndizi yangu, hutamtuma mke wala hutamtuma mtoto. Utakuja mwenyewe, kwa miguu yako." Akageuka akaenda zake. Tangu hapo hakuna mtu Izigo ambaye angetupa ndizi hata moja, maana nani angempa Lameki ndizi kwa kumruka kaka yake?

Miezi ilipita. Lameki akala mkate wake, akanywa haluli yake, na polepole akaanza kuharibika. Kwanza alishindwa kuinua gunia alilokuwa akilibeba bila kufikiri. Kisha kilima cha kutoka kisimani kikamshinda. Mapaja yakawa mazito, vidole vikafa ganzi, na usiku mashavu ya miguu yakawa yanamkaza mpaka anauma shuka. Tumbo nalo likaacha kwenda lenyewe, na kwa kuwa haliendi akaongeza haluli, na kwa kuwa ameongeza haluli miguu ikazidi kulegea. Nilimwambia aiache. Akaniambia mimi sijui mambo ya usafi wa ndani.

Ilikuwa Jumapili kanisani ndipo mambo yalipotoka hadharani. Tulisimama kuimba, na Lameki akashuka chini kati ya mabenchi. Siku hizo watu wa uamsho walikuwa wengi kwetu, na kwao mtu akianguka kanisani hakuna swali: ameguswa. Wakaanza kumsifu Mungu. Wimbo ukapanda. Mzee mmoja akapiga magoti karibu naye, akamwambia kwa upole kwamba aungame, asifiche kitu, ndugu wanasikiliza. Kanisa zima likanyamaza kusikiliza, na sitasema uongo, nami nilitega sikio.

"Niinueni," Lameki akasema.

"Ungama kwanza, ndugu."

"Sina cha kuungama. Sina miguu."

Siku ya pili lori la kahawa likatuchukua mpaka Bukoba, yeye amelala juu ya magunia na mimi nimemshika asidondoke. Hospitalini daktari alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili safi, kisicho na utani hata kidogo. Alimgonga Lameki magotini kwa kinyundo na magoti hayakujali. Akamuuliza anakula nini.

Lameki alikuwa ameingojea siku hiyo. Alijiinua kwenye kiti akamtajia Mzungu mkate, chai, wali mweupe na nyama ya kopo, kimoja kimoja, kama anayetaja watoto waliofaulu mtihani. "Na asubuhi haluli," akamalizia.

Daktari akaacha kuandika. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, bwana. Sijakosa."

"Na ndizi?"

Lameki akacheka kidogo, kile kicheko cha watu wawili wanaoelewana. "Hizo niliacha, bwana. Nimezifyeka zote."

Daktari alivua miwani, akamtazama kwa macho matupu. Kisha akaeleza. Alisema mwilini kuna chumvi nyingine, si hii ya mezani, jina lake potasiamu, na misuli haifanyi kazi bila hiyo. Haluli huitoa kila siku, na mkate na wali mweupe haviirudishi. Atampa dawa ya chupa, ya siku chache tu. Baada ya hapo Lameki ale ndizi kila siku, na maharage, na viazi, na mboga za majani, na mama asimwage maji aliyopikia, kwa sababu chumvi hiyo hukimbilia kwenye maji. Haluli asiiguse tena.

"Na sindano?" akauliza Lameki.

"Hakuna sindano."

"Hata moja?"

"Ndizi," akasema daktari.

Nilimtoa nje Lameki nikamkalisha ukutani, nikarudi mlangoni peke yangu. Nikamuuliza daktari itakuwaje mtu huyu asipokula. "Moyo nao ni msuli, mama," akasema. "Utasimama." Alilisema wazi hivyo, bila kulipamba. Lameki nilimpenda. Ni vigumu kueleza kwa nini, ukishasikia haya yote, lakini nilimpenda, na sikuwa na mpango wa kuishi bila kelele zake.

Nilipotoka nilimkuta amevimba kwa hasira. "Nimebebwa juu ya magunia mpaka Bukoba," akasema, "nimevua shati mbele ya Mzungu, ili aniambie nile ndizi? Huyu ametumwa na Mutalemwa."

Tulilala kwa Saburi. Maskini Saburi aliposikia habari ya haluli aliomba radhi mpaka tukachoka kuisikiliza, akaitoa haluli yote rafuni mbele yetu. Mkewe, Mastura, akapika ndizi na nyama, mchuzi wake ndani, akamwekea Lameki bila kumuuliza. Na Lameki, mjini ambako hakuna anayemjua, alikula. Alikula, akaongezwa, akakwangua sufuria, akafumba macho. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu huyu alikuwa akizitamani ndizi siku zote hizo, na kwamba kilichomzuia hakikuwa ulimi bali aibu ya watu.

Asubuhi Mastura alitufungia mkungu mzima tuondoke nao. Lameki akakataa usipandishwe kwenye lori.

"Niingie Izigo na mkungu wa sokoni, watu wakiniona?" akasema. "Afadhali niingie na jeneza."

"Hilo nalo litakuja," nikamwambia, lakini lori lilikuwa limeshaondoka na mkungu umebaki mikononi mwa Mastura.

Dawa ya chupa ilimsaidia. Alisimama, akatembea mpaka chooni na kurudi, akaanza kunipangia kazi. Kisha chupa ikaisha. Nilimpikia maharage, akasema yeye si mfungwa wa jela. Nikampikia viazi vitamu, akaniuliza kama njaa imeingia nchini. Nikampikia mboga za majani, akatazama bakuli akasema mbuzi wako nje. Miguu ikaanza kuondoka tena. Akawa anashinda kitini mlangoni, blanketi mapajani, macho yake yamevuka visiki vyetu na milamula mpaka kwenye mikungu ya Mutalemwa iliyokuwa imening'inia mizito, mingine ikiegemezwa miti isianguke. Nikimuuliza anaangalia nini, anasema anaangalia hali ya hewa.

Nikaenda kwa Mutalemwa. Nilipiga magoti mlangoni kwake kama inavyompasa shemeji, nikamwambia, "Waitu, bwana wangu, mdogo wako anakufa. Nipe ndizi."

Uso wake ulibadilika, nilimwona. Lakini neno alikuwa ameshalitoa mbele ya watu, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. "Aje," akasema.

"Miguu haina nguvu."

"Ndizi ndizo zitakazompa."

"Basi nipe nimpelekee."

"Aje."

Nilisimama nikajipangusa magoti. Nikamwambia kwamba naona baba yao alikuwa na kichwa kimoja tu cha kuwarithisha, akawakatia vipande, na kila mmoja akapata ule upande mgumu. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mambo yalikuwa yamefika hapo: Lameki hawezi kwenda mpaka ale, na hawezi kula mpaka aende.

Siku ya Jumapili nilimwambia lile nililokuwa nimemficha. Nilikuwa nimeogopa kwamba akilisikia atakufa kwa kulisikia tu.

"Daktari alisema habari ya moyo," nikasema.

"Moyo gani?"

"Wako. Utasimama. Miguu ni mwanzo tu." Nikalivuta blanketi lake mapajani. "Watakuja msibani, Baba Kokwijuka, na kila mmoja atauliza amekufa na nini. Nitawaambia amekufa kwa kukosa ndizi, tena hapa Izigo. Watacheka wakiwa wamekaa kwenye matanga yako. Nami sitakuwa na cha kuwapikia."

Akaniomba koti lake, lile la kanisani, na kofia.

"Usinishike," akasema.

Alitoka na fimbo, koti limemkaa kama la mtu mwingine. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani, njia imejaa, na wote wakasimama. Alifika kisiki cha kwanza akaanguka. Akainuka kwa fimbo, akaenda, akaanguka tena, na kofia ikabiringika. Nilitaka kumkimbilia, na naapa kwamba kukaa pale mlangoni na mikono yangu mitupu ni kazi ngumu kuliko kuzaa. Mara ya tatu hakuinuka, akaanza kutambaa. Alitambaa katikati ya visiki alivyovikata mwenyewe, na njiani hakuna aliyecheka, hata wale ambao walikuwa wamejiandaa kucheka.

Alifika kwenye milamula akapenyeza kichwa, akapenyeza mabega, akaishia hapo. Mikono ikamkataa. Akalala kifudifudi, nusu yake kwa kaka yake na nusu yake kwetu.

Mutalemwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, ameona yote. Akainuka. Alikuja kwa ule mwendo wake wa polepole ambao siku hiyo niliuchukia, akasimama juu ya Lameki.

"Nimekuja," Lameki akasema, mdomo umejaa udongo.

Mutalemwa akautazama mstari wa milamula, akaitazama ile miguu iliyobaki upande wa pili. Watu wote walikuwa wanangoja, maana neno lake lilikuwa miguu.

"Kichwa kimefika," akasema. "Miguu itafuata."

Akajishusha chini na unene wake wote, akakaa udongoni na nguo zake za Jumapili, akamwita mkewe alete chungu. Akakata jani la mgomba akalitandaza. Ndizi zilikuwa za moto, zimepikwa na maharage, mchuzi umo. Mutalemwa akawa anamega, anapoza kwa pumzi, anamwekea mdogo wake mdomoni. Machozi yalimtoka waziwazi. Kumbe yeye aliogopa siku zote kama mimi, na asijue jinsi ya kulirudisha neno lake.

"Hazina chumvi," Lameki akasema.

"Kula," akasema Mutalemwa.

Tangu siku hiyo chungu kilivuka milamula kila mchana. Haluli iliyobaki niliimwaga chooni, ilikokuwa ikielekea siku zote. Miguu haikurudi kwa siku moja. Kwanza vidole viliamka, kisha akaweza kukaa bila kuegemea, kisha nikamkuta amesimama jikoni kwangu akinikosoa jinsi ninavyomenya. Nilimfukuza kwa kisu, na nilikuwa na furaha mpaka nikawa naimba.

Mvua zilipoanza, Mutalemwa alileta miche ya migomba, akaitua uani. Lameki akachukua jembe. Akazunguka kibanja akitafuta pa kuanzia, visiki kila mahali, mpaka akafika upande wa nyuma ya nyumba, mahali padogo palipokuwa pamelimwa safi. Akaanza kuchimba hapo. Mimi nilisimama pembeni nikamwambia kwamba shimo ni fupi, mgomba hautashika. Akasema hajawahi kuona mwanamke anayeridhika na shimo. Akaendelea kuchimba, akapumzika juu ya mpini, akachimba tena.

"Hapa nani aling'oa visiki?" akauliza.

"Mimi."

Niliving'oa siku ile niliporudi kutoka kwa Mutalemwa bila kitu. Sisi watu wetu huwazika kibanjani, karibu na nyumba, na sikutaka wachimbaji wahangaike na mizizi huku wageni wakingoja. Nilipachagua pale kwa sababu kutoka mlangoni kwa jiko ningekuwa napaona.

"Ulitaka kupanda nini?" Lameki akauliza.

Nilimshika ule mkono wenye jembe, nikaulalia, nikalia, na yeye amesimama pale kwa miguu yake miwili, haelewi kitu.

"Usilie, Mama Kokwijuka," akasema. "Nitalichimba liwe refu zaidi."